Mawazo Yakizidi Ni Ugonjwa, na Una Tiba

Mtu akivunjika mguu, kijiji kizima kinajua. Jirani ataleta uji. Shemeji atampalilia shamba. Vijana watambeba kwa machela mpaka zahanati. Lakini mtu akivunjika moyo, hakuna anayeona. Asubuhi anaamka, anachukua jembe, anawaitikia wanaomwamkia njiani. Ndani yake amechoka mpaka anatamani kesho asiamke.

Ndugu msomaji, leo katika ukurasa huu wa afya hatutazungumza juu ya malaria wala choo. Tutazungumza juu ya ugonjwa wa mawazo. Soma polepole. Kama nyumbani kwako yuko mtu ambaye bado hajajua kusoma, msomee kwa sauti, kwa sababu huenda yeye ndiye anayeyahitaji maneno haya kuliko wewe.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakasoma vitabu vyao, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Walijifunza juu ya malaria, kichocho, safura na kifua kikuu. Yalikuwa mafunzo makubwa. Lakini afya ya mtu ina upande mwingine ambao haufyekwi kwa panga.

UGONJWA WENYEWE

Sisi wengi huuita "mawazo" tu. Twasema, "Fulani siku hizi ana mawazo." Waganga wa hospitali huuita sonona. Neno hilo latokana na kusonona, yaani kuumia moyoni kwa huzuni. Nchini Zimbabwe, watu wanaosema Kishona huuita kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Wako mbali nasi, lakini waliuona ugonjwa uleule na wakaupa jina linalofanana na letu.

Huzuni peke yake si ugonjwa. Mtu akifiwa atalia. Mazao yakikauka atanyong'onyea. Hiyo ni hali ya binadamu. Huzuni ya msiba huja na kwenda kama mawimbi. Mfiwa analia asubuhi, mchana anakula vijiko viwili vya uji, jioni watu wanakumbuka vituko vya marehemu naye anacheka kidogo. Siku zinapita, kazi zinarudi.

Sonona haiendi hivyo. Inakaa. Kwa muda wa siku 14 au zaidi, karibu kila siku, mtu ana huzuni, au hana hamu ya kitu chochote. Aliyependa kuimba kwaya haendi tena. Aliyependa kucheza bao anapita mbele ya wenzake bila kusimama. Usingizi unampotea saa nane za usiku na haurudi mpaka jogoo anawika. Wengine hulala mno, mchana na usiku, na bado wanaamka wamechoka. Chakula hakina ladha. Akili haitulii: ukimtuma chumvi, anarudi na kiberiti. Anajiona hana thamani. Anajilaumu kwa mambo ambayo si makosa yake. Mwishowe anaanza kufikiri kwamba watu wake wangepumzika kama yeye asingekuwapo.

Si lazima mtu awe na dalili zote hizi. Lakini akiwa na kadhaa, na zikidumu, na zikimzuia kufanya kazi zake, huo ni ugonjwa. Si uvivu, wala si deko.

Jambo moja linawapoteza watu wengi, hata waganga wenyewe. Mgonjwa wa sonona mara nyingi hasemi, "Nina huzuni." Husema, "Kichwa kinauma." Husema mgongo unawaka moto, moyo unakwenda mbio, tumbo limejaa gesi, mwili hauna nguvu. Anakwenda zahanati, anapimwa malaria, hana. Anapewa dawa ya maumivu. Wiki ya pili anarudi na kichwa kilekile. Wiki ya nne amesharudi mara tatu, na watu kwenye foleni wanaanza kumcheka kwamba anapenda vidonge. Hadanganyi. Maumivu yale ni ya kweli, anayasikia. Mwili na moyo haviishi nyumba mbili.

Kwa hiyo ukienda kwa mganga na maumivu yasiyokwisha, mwambie na mengine. Mwambie hulali. Mwambie mume amekwenda machimboni na huu ni mwaka wa pili hajaleta habari. Usione haya. Mganga hawezi kuona mawazo kwa darubini.

Tena tusichanganye. Sonona si wazimu. Mgonjwa wa wazimu anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini mambo yasiyokuwapo. Naye ni mgonjwa, naye ana dawa yake, wala hastahili kufungwa kamba wala kupigwa. Lakini watu wengi wenye sonona wanafanya kazi, wanalea watoto, wanahudhuria mikutano ya kijiji. Huogopa kusema kwa sababu moja: wataitwa vichaa, na watoto wao watakosa wachumba.

UNATOKA WAPI

Mara nyingi kuna mzigo unaoonekana. Deni. Kufukuzwa kwenye ardhi. Mume anayepiga. Mtoto aliyekufa. Ugonjwa wa muda mrefu, kama kisukari au virusi vya UKIMWI. Uzee wa peke yake, watoto wote wamekwenda mjini. Wengine huwa nao kwa sababu umo katika ukoo, kama pumu ilivyo katika koo nyingine. Na yuko mtu anayeugua wakati mambo yake yote yako sawa: nyumba ya bati, ng'ombe zizini, watoto shuleni. Huyu ndiye hupata taabu zaidi ya kueleweka. Watu humwambia, "Wewe unakosa nini?" Hata yeye hajui la kujibu.

Kina mama waliojifungua wana hatari yao. Siku chache baada ya kuzaa, wengi hulia bila sababu. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe kabla wiki mbili hazijaisha. Isipopita, na mama akawa hamtaki mtoto, au halali hata mtoto akiwa amelala, au anaogopa kwamba atamdhuru, apelekwe zahanati upesi. Wako mabibi wanaosema kwamba mama wa namna hiyo ana moyo mbaya. Hana moyo mbaya. Anaumwa.

Wanaume nao wana lao. Tangu wadogo wameambiwa mwanamume halii, mwanamume hujikaza. Basi mwanamume mwenye sonona hatalia. Atakuwa mkali. Atagombana na kila mtu, au atakwenda kilabuni tangu asubuhi. Pombe humsahaulisha kwa saa tatu, kisha usiku humrudishia mawazo yaleyale pamoja na mengine mapya, kwa sababu fedha ya mbolea imekwisha. Pombe yenyewe huongeza sonona. Twaiona kama dawa kwa sababu inafanya kazi haraka.

Wengine husema ni kurogwa. Wengine husema ni upungufu wa imani. Hatutaki kugombana na mtu juu ya imani yake. Sala imewashika mkono wagonjwa wengi, na sheikh au padri anayesikiliza ni msaada mkubwa. Lakini mcha Mungu huvunjika mguu kama watu wengine, na akivunjika anafungwa plasta. Na kama mganga wa jadi anamwambia mgonjwa kwamba adui wake ni mama mkwe, basi ameongeza ugomvi juu ya ugonjwa.

BENCHI LA HARARE

Sasa tuwaeleze habari ya tiba moja ambayo haihitaji mashine wala jengo.

Nchini Zimbabwe yuko daktari wa magonjwa ya akili anayeitwa Dixon Chibanda. Mwaka 2005 msichana mmoja aliyekuwa akimtibu alijiua. Mama wa msichana alimweleza daktari kwamba walitaka kumleta hospitali Harare, lakini walikosa nauli. Nauli ilikuwa dola 15 za Marekani. Daktari akaona kwamba kukaa hospitali na kungoja wagonjwa hakutoshi. Nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 12, ilikuwa na madaktari wa akili wasiofika 20.

Mwaka huohuo wa 2005 serikali ya nchi ile ilikuwa imevunja nyumba na vibanda vingi vya watu wa mjini. Taabu ilikuwa kubwa, hasa katika mtaa wa Mbare mjini Harare. Chibanda akaomba wauguzi wa kumsaidia huko. Hawakuwapo, wana kazi nyingi. Akaomba chumba katika zahanati. Vyumba vilijaa. Alichopata ni mabibi 14 na nafasi ya nje, chini ya mti. Mabibi wale walikuwa tayari wakijitolea kufundisha mambo ya afya katika mtaa wao.

Kazi ilianza mwaka 2006. Likawekwa benchi la mbao nje ya zahanati. Mwanzoni daktari aliliita benchi la afya ya akili. Watu hawakuja. Nani anataka kuonekana amekaa kwenye benchi la vichaa? Mabibi wakamwambia abadilishe jina. Wakaliita benchi la urafiki. Kwa Kishona jina lake lina maana ya kiti cha kupeana mashauri. Tena wakakataa maneno ya kidaktari. Wakasema, hapa tutasema kufungisisa, kwa sababu hilo ndilo neno ambalo watu wanalijua. Watu wakaja.

Sisi twaona hapo mabibi walimfundisha daktari.

Mabibi hawa walifundishwa kwa muda mfupi tu. Kwanza wanamwuliza mgonjwa maswali 14 juu ya wiki iliyopita: je, ulilala? Je, ulilia? Je, ulifikiri mno? Je, kuna wakati uliona heri usingekuwapo? Maswali hayo yalitungwa hapohapo Zimbabwe, kwa maneno ya watu wenyewe. Kisha wanazungumza naye, mara moja kwa wiki, mpaka mara sita. Mazungumzo yana hatua tatu. Ya kwanza ni kufungua mawazo, yaani mgonjwa anamwaga yote aliyo nayo. Ya pili ni kumwinua. Ya tatu ni kumtia nguvu. Bibi hamwambii mgonjwa la kufanya. Anamsaidia kuchagua tatizo moja na kutafuta hatua moja ndogo inayowezekana.

Je, inafaa? Watu waliochunguza walitaka kujua. Walichukua wagonjwa 573 katika zahanati 24 za Harare. Zahanati nyingine zilipewa benchi. Zahanati nyingine ziliendelea na huduma ya kawaida ya wauguzi pamoja na maelezo juu ya ugonjwa. Baada ya miezi sita wakawapima. Katika kila wagonjwa 100 waliopata huduma ya kawaida, karibu 50 bado walikuwa na sonona. Katika kila 100 waliokaa na mabibi, waliobaki na sonona hawakufika 14. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Tangu hapo mabenchi hayo yameenea Zimbabwe, na yamefika Malawi na Zanzibar pia.

Baada ya siku za benchi, wagonjwa hukaribishwa kwenye kikundi cha waliopita njia hiyohiyo. Hukaa duara na kuzungumza huku wakisuka mikoba kwa plastiki iliyokwisha kutumika. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Wanawake wetu wanaosuka ukili wanalijua hilo.

MAZUNGUMZO YENYEWE

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mama mmoja katika kijiji chochote cha kwetu. Ana watoto wanne. Amekopa fedha kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, akanunua mbegu, mvua ikakatika. Hajakwenda kikundini wiki tano. Bibi jirani, ambaye ni mhudumu wa afya wa kitongoji, anamkuta kisimani jioni, wengine wameshaondoka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona ndoo imejaa nawe umesimama tu?"

"Nimechoka tu, bibi."

"Umechoka mwili au umechoka moyo?"

Mama anakaa kimya. Bibi naye anakaa kimya. Hana haraka. Anakaa juu ya jiwe.

"Vyote," mama anasema. "Silali. Nikilala naamka saa nane. Nawaza deni. Nawaza mdogo wangu wa mwisho, kikohozi hakiishi. Baba yao toka Pasaka hajatuma kitu. Na paa linavuja. Nawaza yote kwa pamoja, bibi, kichwa kinataka kupasuka."

"Pole, mwanangu. Ni mzigo mzito huo."

Angalieni hapo. Bibi hakusema, "Jikaze." Hakusema, "Mbona fulani ana shida kuliko zako." Alisema pole, akakubali kwamba mzigo ni mzito. Mama akaanza kulia, na bibi hakumnyamazisha. Kisha akauliza:

"Katika hayo manne uliyonitajia, ni lipi ungependa tulitazame kwanza?"

"Deni, bibi. Naona haya kupita njia ya sokoni kwa sababu ya mweka hazina."

"Unadaiwa kiasi gani?"

Mama anataja. Ni mara yake ya kwanza kuitaja hesabu hiyo kwa sauti.

"Ungeweza kufanya nini juu ya jambo hilo kabla ya Jumamosi?"

"Kulipa siwezi."

"Hatusemi kulipa. Nimeuliza, unaweza kufanya nini?"

Mama anafikiri. "Naweza kwenda kwa mweka hazina nyumbani kwake. Nimwambie ukweli. Nimwombe nilipe kidogo kidogo baada ya mavuno ya mihogo."

"Utakwenda lini?"

"Alhamisi. Jioni."

"Basi Ijumaa nitakungoja hapa hapa kisimani, unisimulie. Na mtoto huyo wa kikohozi, kesho asubuhi tunakwenda naye zahanati mimi na wewe."

Ijumaa mama anakuja. Mweka hazina alikasirika mwanzoni. Hakukubali kungoja mpaka mihogo. Lakini alikubali miezi miwili, na akasema wanakikundi walidhani mama amehama. Deni halijakwisha, na paa bado linavuja. Lakini mama amelala usiku mmoja mpaka alfajiri.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Haitaki elimu ya chuo kikuu, lakini inataka mafunzo kidogo na inataka siri. Siri ni kila kitu. Bibi yule akipeleka habari za deni kilabuni, si mama yule peke yake aliyeumizwa. Hakuna mtu mwingine katika kitongoji atakayemfungulia mtu yeyote moyo wake. Ndiyo maana twasema kwamba si kila mtu anafaa kwa kazi hii. Kila kijiji kinawajua watu wake wawili au watatu ambao neno likiingia kwao halitoki. Hao ndio wa kuchaguliwa.

ANAYETAKA KUFA

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Wengi hawataki hata kulitaja.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya 720,000 walijiua duniani. Karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi ambazo si tajiri. Wanaume wanaokufa hivyo ni wengi kuliko wanawake.

Watu husema, "Anayetaka kujiua hatangazi." Si kweli. Wengi hutoa dalili. Mtu anasema, "Mtanikumbuka." Anagawa vitu vyake, hata jembe. Anakwenda kuaga ndugu bila safari. Au alikuwa na huzuni kubwa, na ghafla ametulia bila sababu. Ukiona hivyo, muulize. Muulize waziwazi, mkiwa wawili: "Ndugu yangu, unafikiria kujiua?" Watu wengi huogopa swali hili, wakidhani watampa wazo ambalo hakuwa nalo. Haliwi hivyo. Kama wazo halimo, atakwambia halimo. Kama limo, atapumua, kwa sababu hatimaye yuko mtu wa kulibeba pamoja naye.

Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kwa usiku mmoja. Usimgombeze. Usimwambie atakwenda motoni. Kaa naye, mwite ndugu anayemwamini, na mpelekeni zahanati au hospitali siku hiyohiyo.

Na ondoeni vitu vya hatari nyumbani, hasa dawa za shamba. Hapa tusimame kidogo. Wazo la kujiua mara nyingi huja kwa nguvu, kisha hupungua, pengine kwa dakika chache au saa chache. Kama sumu iko chini ya kitanda, wakati huo mfupi unatosha kumwua. Kama iko mbali na imefungwa kwa kufuli, wakati unapita na mtu anaishi. Nchi ya Sri Lanka iliona hivyo. Wakulima wengi huko walikuwa wakifa kwa dawa za shamba. Serikali ikapiga marufuku zile zilizokuwa kali zaidi. Tangu mwaka 1995 mpaka 2015 vifo vya kujiua vikapungua kwa karibu asilimia 70, na imekadiriwa kwamba watu 93,000 waliokolewa. Mazao hayakupungua kwa sababu ya marufuku hiyo.

Sisi huku tunaweka dawa za pamba na za nyanya chumbani, karibu na unga. Wengine humimina iliyobaki kwenye chupa za soda. Hata kama hakuna mtu mwenye sonona nyumbani, watoto wapo. Tengeneza sanduku la mbao lenye kufuli. Wanakijiji wanaweza kujenga ghala moja dogo la pamoja, mbali na nyumba, lenye mtunza ufunguo.

Yuko na mtu aliyejaribu kujiua akapona. Huyu hurudi nyumbani na kukuta minong'ono. Sheria nyingi za Afrika tulizorithi kwa wakoloni zilimhesabu kuwa mhalifu, na kwa hofu ya polisi ndugu wengi waliwaficha wagonjwa wao badala ya kuwatibu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba ya nchi ile. Mgonjwa aliyeponea chupuchupu anahitaji watu wa kumtembelea kama anavyotembelewa aliyetoka kupasuliwa tumbo.

DAWA ZA HOSPITALI

Mazungumzo huwatosha wengi ambao ugonjwa wao si mkali. Ukiwa mkali, mganga anaweza kutoa vidonge. Vidonge hivi havifanyi kazi kama dawa ya kichwa. Huchukua wiki mbili, nne, au zaidi kabla mtu hajaona nafuu, na siku za kwanza vinaweza kukausha mdomo au kuchafua tumbo. Hapo ndipo wengi huviacha. Wengine huviacha baada ya miezi miwili kwa sababu wamejisikia wazima, na ugonjwa unarudi. Usiache mpaka mganga akuambie. Vidonge hivi havimfanyi mtu kuwa mlevi wake. Kama vinakusumbua, rudi useme. Vipo vya aina nyingine.

Nafuu yenyewe huja kimya. Wengi hungoja siku ya furaha kubwa, siku ya kucheka. Haiji hivyo. Kwanza chumvi inarudi kwenye mboga. Kisha siku moja mtu anajikuta ametengeneza ua lililolegea tangu masika, bila kusukumwa na mtu. Jirani anamsikia akiimba huku akitwanga, na yeye mwenyewe hajui kama anaimba. Kuna siku atarudi nyuma, atalala tena mchana kutwa. Siku hiyo msimwambie kwamba dawa imeshindwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Yuko nani katika kitongoji chenu ambaye siku hizi haji tena kwenye kikundi, kilabuni, msikitini au kanisani? Ni nani aliyekwenda kumwona?

Ni watu gani wawili au watatu kijijini kwenu ambao wanaweza kusikiliza na kutunza siri? Je, mganga wa zahanati anaweza kukubali waweke benchi chini ya mti wake, hata siku moja kwa wiki?

Dawa za shamba nyumbani kwako ziko wapi sasa hivi, na ufunguo uko kwa nani?